Mkuki Ambao Haukuvunjwa

Zama zile jembe moja la chuma lilipokuwa likinunua mbuzi, na bunduki za gumegume zikiwa bado ni habari za wapita njia tu, nchi mbili za bara zilikuwa zikipigana kwa ajili ya chumvi. Uhindira ilikuwa upande wa machweo, Ugalaba upande wa macheo, na katikati yake palikuwa na bonde jeupe ambalo kila kiangazi lilikauka likaacha chumvi juu ya udongo kama ukoko wa ugali. Ingewatosha wote. Lakini lini kitu cha kuwatosha wote kimewahi kuwazuia wenye enzi kugombana? Walipigana babu zao, wakapigana baba zao, na sasa walikuwa wakipigana Mtemi Shilinde wa Uhindira na Mtemi Malugu wa Ugalaba. Hakuna tena aliyekumbuka nani alirusha mkuki wa kwanza.

Nyanjige aliwajua wote wawili. Alizaliwa Ugalaba, akaolewa Uhindira na mhunzi, na mumewe alipofariki akabaki huko huko na mwanawe wa pekee, Mihambo, aliyerithi nyundo ya babaye. Kisha Mihambo akatekwa bondeni akichota chumvi. Malugu hakumwua, kwani mhunzi hauawi. Alimweka kwenye tanuri amfulie mikuki. Basi mama yule akawa anajua kwamba kila mkuki unaotoka Ugalaba kuja kuwachoma jirani zake umefuliwa na mikono aliyoiosha yeye utotoni. Jambo hilo lilimkosesha usingizi kuliko hata upweke wenyewe.

Ndipo akajifunga kaniki yake, akaenda kwa Shilinde, akapiga magoti na makofi ya heshima, akasema yaliyokuwa moyoni. Kisha akavuka, akayasema yale yale kwa Malugu. Mwanamume angeuawa njiani, lakini mjane aliyezaliwa huku akaolewa kule, nani angejishughulisha naye? Kiangazi chote alienda na kurudi, na watu wakamcheka kwamba anataka kuwapatanisha paka na panya. Haba na haba hujaza kibaba. Hatimaye watemi wote wawili walikubali kukutana bondeni, kila mmoja na watu wachache wasio na silaha, wavunje mkuki mmoja na kuuzika pamoja na jembe jipya, kama ilivyokuwa desturi ya pande zote mbili. Toka hapo chumvi ingechotwa kwa zamu. Mkuki huo aufue Mihambo na aulete mwenyewe, na ukishavunjika, aondoke na mamaye.

Siku aliichagua Nyanjige. Aliichagua kabla ya majira ya mawingu, kwa kuwa aliujua mwiko wa kwao. Mvua ya kwanza ya mwaka haikupaswa kumkuta Mtemi wa Ugalaba nje ya nchi yake. Ilimpasa awe nyumbani, mkono wake umo ndani ya kitunga cha mbegu. Ikimkuta ugenini, mavuno ya mwaka ule huwa ya wageni, na watu wake hula majani. Uhindira hawakuwa na mwiko huo. Kwao, mvua ikimnyeshea mtemi njiani ilikuwa baraka tupu.

Siku ikafika, na wote wakaja mapema. Shilinde alikaa juu ya mteremko wa machweo, ngozi ya chui begani na kipande cheupe cha kombe la baharini kwenye paji la uso, kama walivyovaa watemi wote. Malugu alikaa juu ya mteremko wa macheo, naye vivyo hivyo. Wakatazamana. Hakuna aliyeshuka. Maana atakayetangulia kufika amekuja kumngoja mwenzake, na anayengoja ndiye mdogo.

Nyanjige alikuwa peke yake katikati ya bonde, kando ya shimo lililokwisha kuchimbwa. Alipanda kwa Shilinde. Mshauri wake mkuu, mzee mmoja mkavu aitwaye Lubinza, akajibu badala yake kwamba mwenye kushika mateka ndiye atangulie. Akapanda kwa Malugu, akaambiwa kwamba babu yake Malugu hakuwahi kumngoja mtu hata siku ya kufa. Akarudi kwa Shilinde. Akarudi kwa Malugu. Chumvi ikamwingia kwenye nyufa za nyayo, ikawa inachoma kama pilipili. Jamani, asubuhi nzuri kama ile! Ingetosha kuvunja mikuki ishirini na kunywa pombe ya mtama juu yake, nao waliimaliza wakitazamana kama majogoo.

Jua lilipofika utosini, subira ilimwishia. Alisimama mbele ya Shilinde bila kupiga magoti.

"Mtemi, mimi nimesimama pale tangu asubuhi. Nimekwisha kumngoja yeye kwa niaba yako, na kukungoja wewe kwa niaba yake. Kama alikuwa akitafutwa mdogo, amepatikana. Sasa shukeni."

Lubinza alishika kinywa. Shilinde alicheka, na kicheko kile ndicho kilichofungua njia. Ikakubaliwa pande zote mbili kwamba Nyanjige apige kigelegele, na watemi washuke kwa pamoja.

Akapiga. Wakashuka, kila mmoja akiichunga miguu ya mwenzake isije ikapunguza mwendo. Nyuma ya Malugu alikuwa Mihambo, mkuki begani. Alikuwa amekonda, ameota ndevu kama za baba yake. Alipomwona mama alitabasamu, na Nyanjige akasahau uchovu wote wa kiangazi.

Kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama miguu, hakuna aliyetazama juu. Wingu lilikuwa limepanda nyuma ya kilima cha macheo kabla ya majira yake. Tone la kwanza likaanguka juu ya chumvi, likaacha kitundu cheusi.

Malugu alisimama. Ulikuwa umebaki umbali wa kutupa jiwe tu. Naye aliitaka amani, asidanganywe mtu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wazee wake walimshika mikono. Nyanjige akamkimbilia, akamsihi auvunje mkuki kwanza, ni jambo la kufumba na kufumbua, kisha aende.

"Wewe ni mtoto wa Ugalaba," Malugu akamwambia. "Unajua nikibaki watakula nini. Mweleze mwenzangu kwamba nitarudi."

"Basi niachie mwanangu, Mtemi."

"Mateka huachiwa mkuki ukivunjika. Nikimwachia sasa, wangu watasema nimenunuliwa."

"Usilie mbele yao, mama," Mihambo akasema taratibu. Akageuzwa, akaenda nao, mkuki ule mzima begani.

Kwa upande wa pili Shilinde alikuwa amefungua mikono kuipokea mvua, akifurahia baraka. Alipoinamisha uso aliona migongo. Na Uhindira, anayepewa mgongo ni maiti tu, watu wakitoka kumzika. Nyanjige alirudi mbio, akaeleza mwiko wote huku akihema.

"Mvua?" akauliza Shilinde. "Mvua hii tuliyoiomba wote? Mbona imeninyeshea mimi nisiyeyuke?"

Lubinza akaongeza kwamba mtu anayetaka amani hatafuti pa kujikinga. Nyanjige akasema tena, akaapa kwa kaburi la mumewe. Shilinde hakumsikia, alikuwa amekwisha kugeuka.

Vita vilirudi kabla mtama haujapaliliwa. Kila baada ya pambano wanawake wa Uhindira walikwenda uwanjani, wao wakitafuta watu wao, Nyanjige akitafuta mikuki. Shingoni mwa kila mkuki wa Mihambo palikuwa na alama aliyofundishwa na baba yake, mwezi mchanga na nukta. Akiiona, alipangusa damu kwa pindo la kaniki na moyo wake ukapiga vigelegele: yu hai! Kisha aliinua macho, akamwona jirani akiwa amepakata kichwa cha mwanawe, akaona haya, akakaa chini akalia naye kwa dhati.

Miaka ikapita hivyo. Halafu, baada ya pambano moja kama mengine, aligeuza mkuki baada ya mkuki mpaka giza likaingia, na shingo zote zilikuwa tupu. Pambano lililofuata, vivyo hivyo. Hakuna aliyemletea habari, na yeye hakuuliza tena.

Ugalaba husimulia hadi leo jinsi Malugu alivyoyaokoa mavuno. Uhindira husimulia jinsi Shilinde alivyodharauliwa. Asubuhi ile iliyopotea haisimuliwi popote. Lakini wajukuu wa jirani zake Nyanjige walikuwa wakikumbuka kwamba mvua ya kwanza iliponyesha, kijiji kizima kikitoka nje kucheza, yule bibi alikiinua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango.