Ijumaa Watoto Wakilala

Kituo cha kulelea watoto cha Madam Nthambi kilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, huko Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda karibu na viwanda vya Nairobi. Kila alfajiri akina mama walipita hapo wakikimbilia vibarua viwandani. Waliacha mtoto, chupa ya uji na nguo za kubadilisha, kisha wakaenda mbio kabla lango la kiwanda halijafungwa.

Muhonja ndiye aliyewapokea watoto. Alikuwa amefanya kazi hapo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Alijua mtoto gani hulala akisuguliwa mgongo, na yupi hutema uji wa wimbi. Wazazi walimwita Anti Muhonja, na walimwamini.

Asubuhi moja ya mvua, Winny alimleta mwanawe Austine, aliyekuwa ameanza kutembea juzijuzi.

"Usiku ameendesha, anti," Winny alisema. "Mniangalilie."

"Wewe nenda kazini, Mama Austine. Tuko hapa."

Austine aliendelea kuhara. Walimbadilisha nguo hadi zikaisha. Phelister, mfanyakazi mpya, alichota maji safi kwa kikombe.

"Huyu ana kiu," alisema. "Nimpe?"

"Usimpe," Muhonja alijibu. "Maji yatazidisha kuhara. Acha tumbo lipumzike."

"Lakini anti, midomo yake imekauka."

"Phelister, wewe umekuja juzi. Mimi nimelea watoto hapa tangu wewe hujaijua Nairobi."

Phelister akarudisha kikombe. Katika kituo kile, mgeni hakuuliza mara mbili.

Mchana Austine alilia bila machozi. Baadaye akanyamaza. Muhonja alidhani amepata nafuu. Alipomwinua, kichwa kilimlegea begani na macho yalikuwa yameingia ndani. Wakampigia Winny. Simu yake ilikuwa imezimwa, kwa sababu kiwandani hawaruhusiwi kuwa na simu. Wakaamua kumngoja.

Winny alifika jioni. Alimbeba mwanawe akakimbia naye hadi hospitali, viatu vikibaki kwenye matope. Huko aliambiwa amechelewa.

Austine alizikwa kwao Siaya. Kabla ya safari, Muhonja alikwenda kukaa na waombolezaji nyumbani kwa Winny. Aliketi karibu na mlango. Winny hakumtazama hata mara moja.

Baada ya mazishi, Rufaida alifika kituoni. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na nyumba yake ilikuwa katika mtaa huohuo. Alimkuta Madam Nthambi amekasirika, na Phelister anakunja leso zake akiziweka kwenye mfuko.

"Shida ilikuwa huyu mgeni," Madam alisema. "Ni mzembe. Leo anaenda kwao."

Muhonja alikuwa ameshika ufagio. Alijua akinyamaza, maneno yataishia hapo. Hakuna mtu angemuuliza kitu. Alimtazama Phelister akipangusa macho.

"Madam, si Phelister," alisema hatimaye. "Yeye alitaka kumpa maji. Mimi ndiye niliyemkataza."

Rufaida hakumgombeza. Alivuta kigoda akaketi.

"Kwa nini ulimkataza, dada?"

"Ndivyo nilivyoona nyumbani kwetu tangu utotoni. Na hapa hakuna aliyeniambia tofauti."

"Sikiliza," Rufaida alisema polepole. "Mtoto anayehara anapoteza maji mwilini. Asiporudishiwa, anakufa. Unachemsha maji, unayaacha yapoe. Unachanganya humo pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Unampa kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, unangoja kidogo, unaendelea. Anayenyonya anyonye. Kliniki watampa pia vidonge vya zinki. Lakini ukiona macho yameingia ndani, au analia bila machozi, au amelegea, usimngoje mama. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo."

Madam Nthambi alikuwa ameinamisha kichwa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na cheti ndani ya fremu.

"Haya yote niliambiwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mwaka jana, kwenye semina ya wenye vituo. Nilirudi, nikatundika cheti. Sikumwambia mtu. Niliona wafanyakazi wangu kazi wanaijua."

Rufaida alikitazama kile cheti.

"Ukimfukuza Phelister, utaleta mwingine," Rufaida alisema. "Naye ataona kitu, atauliza, atanyamazishwa. Madam, mfanyakazi anayeuliza ndiye anayekulindia watoto. Tengeni muda kila wiki, mketi pamoja. Anayekwenda semina arudi awafunze wenzake. Kila mmoja aseme kilichomshinda, na asichekwe wala asitishwe. Kesho yake mwanze kukirekebisha. Kazi hii hakuna anayemaliza kuisoma. Hata mimi hurudishwa darasani kila mara."

Phelister hakuondoka. Wakachagua Ijumaa, watoto wakilala baada ya chakula.

Ijumaa ya kwanza walitazamana tu. Ya pili, Phelister alisema pipa la maji halina kifuniko. Madam alivimba uso, akafungua mdomo, akaufunga. Kifuniko kilinunuliwa Jumatatu. Ijumaa nyingine Muhonja alisema jambo alilokuwa akilificha.

"Kile kipima joto, mimi sijui kukisoma. Huwa nagusa tu paji la uso."

Phelister alimfundisha. Muhonja aliona aibu kufundishwa na msichana wa umri wa mwanawe, lakini alirudia mpaka akaelewa. Rufaida naye alipita mara kwa mara, akawaonyesha kuchanganya ORS, kila mmoja kwa mikono yake mwenyewe.

Mambo hayakunyooka haraka. Wazazi kadhaa walikuwa wamehamisha watoto. Usingizi wa Muhonja ulikuwa wa mang'amung'amu. Mtoto yeyote akinyamaza ghafla, yeye alikwenda kumgusa.

Msimu wa mvua uliporudi, binti wa Fatu, muuza mitumba, alianza kuhara asubuhi. Phelister aliona kwanza.

"Anti, huyu ameenda haja mara ya tatu."

Muhonja alinawa mikono. Akachanganya ORS, akamweka mtoto mapajani, akampa kijiko baada ya kijiko. Madam alimpigia Fatu, lakini Fatu hakushika simu. Madam hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye kliniki, na Muhonja akabaki na wengine. Jioni Fatu alimkuta binti yake amerudishwa kituoni, akilia kwa nguvu, akiwa na machozi mengi, akitaka kunyonya. Muhonja aliingia nyuma ya pazia akalia pia.

Habari zilienea mtaani. Asubuhi chache baadaye, Muhonja alikuwa akifagia mlangoni alipomwona Winny amesimama barabarani. Hawakuwa wamesemezana tangu msiba.

"Nimesikia mtoto wa Fatu alihara hapa," Winny alisema.

"Ndiyo, Mama Austine."

"Amepona?"

"Amepona."

"Mlimpa nini?"

Muhonja alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Maji yaliyochemshwa, na ile pakiti ya ORS. Kwa kijiko. Na zinki kutoka kliniki."

Winny alingoja, kana kwamba kulikuwa na jambo jingine lililobaki.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," Muhonja alisema. "Nisamehe."

Winny alifunga kanga yake vizuri, akageuka, akafuata wenzake waliokuwa wakielekea viwandani. Ndani, mtoto alianza kulia, na Muhonja akaenda kuona ana nini.