Lemein Ameitika

Injini iliyovuliwa pistoni haina jinsi ya kupata joto. Lakini Muteti alipoweka kiganja juu ya ile bloku asubuhi, alikuta ujoto wa mtu aliyelala. Akaondoa mkono, akalaumu jua. Mchovu hujidanganya, naye akaamini.

Na uchovu alikuwa nao. Lile gari la mbio lilipinduka barabara ya Namanga likamuua dereva wake, Lemein. Kaka yake, Kisemei, akalivuta hadi gereji ya Muteti pale Kitengela, akataka injini ifufuliwe kwa pistoni ngumu na turbo kubwa, iwe na nguvu kuliko mwanzo. Nyumbani, Celine alikuwa mja mzito, siku zake zimetimia. Muteti aliomba jambo moja tu, amalize akakae karibu na mkewe.

Gereji huita gari kwa jina la mwenyewe, nani asiyejua? Basi kutwa ilikuwa, "Mbuvi, inua Lemein." "Lemein anataka oili." "Lemein amekataa gasketi."

Siku injini iliporudishwa garini, Mbuvi, fundi mwenzake, aliinama juu yake akatania, "Lemein, uko sawa?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Muteti, betri ilikuwa chini sakafuni, na bado krenki, ule mhimili wa injini, ilizunguka mara moja, taratibu, kama mtu anayesafisha koo, kisha kwenye ekzosi ikatoka harufu ya maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, harufu ya nyumba ya watu, katika gereji ambayo haijawahi kunusa ila grisi na vumbi la simiti, mchana kweupe, na mafundi wawili wazima wakashikana mikono bila aibu.

Kisemei alikuwa ameshafika getini. Hata "supa", salamu ya Kimaasai, hakusema.

"Mnaita nani?" alinong'ona.

"Ni gari tu, mzee," Mbuvi akajibu.

"Kwetu mtu akienda, jina yake haitajwi tena. Mkiita, mwenye anaitika sio yeye. Ni kitu ingine ilikuwa inangoja jina."

Muteti akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, niko na bibi mja mzito. Hii kitu isinifuate nyumbani."

"Basi iachishwe jina ya ndugu yangu. Ipatie ingine, saa hii. Lakini ufikirie kwanza."

Kufikiria ndiko kulikomshinda. Gari lisilo na mwenyewe, gerejini, huitwa kwa jina la fundi. Mazoea yakamtangulia.

"Iitwe Muteti," alisema. "Nimechoka."

Kisemei alinyoosha mkono amzuie, akachelewa. Bloku ikapoa papo hapo. Harufu ikakatika. Mbuvi akacheka kwa nafuu, lakini Kisemei aliondoka bila kuaga.

Jua lilikuwa bado juu Muteti alipoingia nyumbani kwa mlango wa nyuma na kujitupa kitandani na viatu vyake. Alishukuru Mungu kwa sauti ndogo. Celine alikuwa sebuleni akikunja nguo za mtoto, hakumwona akipita.

"Muteti, ni wewe?" akaita.

Akafungua kinywa aitike. Sauti haikutoka. Ilisikika kutoka nje, mlango wa mbele, sauti yake mwenyewe, tulivu, isiyo na uchovu wowote.

"Ni mimi. Nifungulie."

Kisha akamsikia Celine akijiinua kwa shida, akiburuta malapa, akivuta komeo.