Kiti Chenye Joto

Kiti kilikuwa cha barafu tupu, kimechongwa kikang'aa kama kioo, lakini Salhina alipokikalia tu alishtuka akainuka.

"Hiki kina joto," alisema, akijipapasa nyuma ya koti.

Mumewe, Vuai, alicheka. Walikuwa ndani ya mkahawa wa barafu, mwisho kabisa wa ile Nchi ya Theluji iliyojengwa ndani ya ghala kubwa kando ya mto Thames, Desemba ya mwaka 2008. Kuta zilikuwa barafu, meza barafu, bilauri barafu, na taa za buluu zilizikwa ndani ya barafu. Mlangoni walikuwa wamevishwa makoti mazito yenye kofia za manyoya, na kila aliyefungua kinywa alitoa mvuke kama birika. Pahala kama pale, nani angeamini kwamba kiti kina joto?

"Kaa bwana, chakula kinapoa," Vuai alimwambia.

Tikiti zilikuwa zawadi ya Krismasi kutoka kazini kwa Salhina, nyumba ya kutunzia wazee huko Thamesmead. Alikuwa mtu wa Mombasa, mcheshi, mwenye sauti inayofika chumba cha pili. Vuai alikuwa Mpemba, dereva wa basi, mtu wa maneno machache. Wa tatu wao mezani alikuwa Lorraine, nesi Mkenya aliyefanya kazi na Salhina. Meza ilikuwa ya watu wanne. Salhina kwanza alikaa kando ya mumewe, lakini ngozi iliyotandikwa kwenye kiti chake ilikuwa imelowa, ndipo akahamia kile cha nne, ambacho hakikutandikwa kitu.

Alikaa tena, safari hii polepole. Akatulia. Akala samaki wake wote, akala na wa Lorraine.

Walipokuwa wanavua makoti mlangoni, Lorraine alimvuta Vuai kando.

"Vuai, sijui nikuambie aje. Umemwangalia bibi yako mdomo?"

"Ana nini?"

"Sisi wote tunatoa moshi. Yeye hatoi."

Vuai aligeuka. Salhina alikuwa amesimama chini ya taa, kinywa wazi kidogo, anaitazama ile milango ya plastiki waliyotokea. Watoto wanapita na vigari vya kuteleza, mivuke inawatoka puani. Kwake hakukutoka kitu.

"Pengine anapumua taratibu," Vuai alisema. Hata yeye mwenyewe hakuipenda sauti yake.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, Salhina hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye hita ya sebuleni, akaizungusha kifundo mpaka mwisho, kisha ya chumbani, kisha ya chooni. Akaketi sakafuni, ameegemeza mgongo kwenye chuma cha moto. Vuai aliyekuwa na fulana tu alianza kutokwa jasho. Ndipo mkewe akasema, "Hapa pazuri," na pamoja na yale maneno ukamtoka mvuke mzito mweupe, ndani ya chumba chenye joto kama la tanuri.

Tangu siku hiyo ile nyumba haikuwa yao. Birika lilichemka kutwa na hakuna aliyekunywa chai. Salhina alioga maji ya kuunguza na akatoka ngozi yake i baridi. Palikuwa na harufu, mara kwenye mto wa kulalia, mara kwenye taulo, harufu ya chuma kilicholowa na maji yaliyolala muda mrefu pasipofika jua. Na palikuwa na mlio. Ka. Ka. Kama kitu kigumu kinachopasuka polepole, na kila Vuai alipoufuata alikuta unatoka mahali alipokaa mkewe.

Lorraine alimpigia simu Vuai akiwa mapumzikoni, basi lake limeegeshwa kituo cha mwisho.

"Wazee wanakataa kuguswa na yeye," alisema kwa kunong'ona. "Kuna mama mmoja hajaongea mwaka mzima. Jana Salhina alimshika mkono, huyo mama akapiga nduru. Alisema, huyu ananinyonya. Nilipomshika huyo mama, vidole vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Vuai, mimi ni nesi, na ni mtu wa kanisa, lakini hii si kitu ya daktari. Tafuta watu wenu."

Vuai hakutafuta mtu. Alikulia kisiwani ambako watoto hufundishwa majina ya majini kabla ya majina ya miji, na kwa sababu hiyo hasa aliogopa kulitamka lile neno. Aliomba dua zake, akajiambia ni mambo ya akili, ni baridi, ni shifti nyingi mno.

Jumapili moja alirudi mchana, akajinyoosha kwenye kochi. Alizinduka kifua kimekuwa kizito. Salhina alikuwa amelala juu yake mzima mzima, shavu lake limebanwa kwenye koo la Vuai, mahali mshipa unapopiga. Vuai alitaka kumsukuma, mikono haikuinuka. Aliona kucha zake mwenyewe zimekuwa za zambarau.

"Una joto zuri wewe," sauti ilisema. Haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. Ilikuwa kama ya mtu anayesema huku kinywa kimejaa maji.

Meno ya Vuai yaligongana. "Nani wewe?"

"Nilikuwa chini ya mto. Huko juu kabisa, ambako jua huja kuchungulia likaondoka. Wakaukata mto wangu ulioganda kwa misumeno, wakaupakia kwenye malori, mimi nimo ndani. Wakauchonga viti. Kimoja nikakifanya changu." Shavu lilijibana zaidi. "Mkeo alikikalia kiti changu. Na mimi sasa nimekaa kwenye changu."

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba kiti cha jini ni yule aliyepandwa nalo. Vuai alilia pale pale, bila sauti, na machozi yalipofika mashavuni yalikuwa yameshapoa.

Kwa Bi Mkasi alikwenda siku ya pili. Mama huyo alikuwa na nafasi yake nyuma ya saluni moja huko Peckham, akisuka nywele, na Waswahili wote wa Landani ya kusini walijua kazi yake nyingine. Alimsikiliza Vuai huku vidole vinasuka. Alipomaliza kichwa cha mteja alisema, "Mimi nimepunga pepo wa bahari, wa bara, hata wa Kiarabu. Wa barafu sijapata. Lakini jini ni jini, mwanangu. Kila mmoja ana asilolipenda."

Alikuja Jumamosi asubuhi na ubani, udi, majani ya mvumbasi na chungu kikubwa. Lorraine alikuwa zamu, kwa hiyo walikuwa watatu tu. Salhina hakupinga. Alikaa kwenye kigoda, Bi Mkasi akamvisha khanga moja nyepesi, akaweka chungu kinachochemka mbele ya magoti yake na kumfunika blanketi mbili, naye akaanza kusoma. Mvuke ukapanda. Jasho likachuruzika mpaka sakafuni. Chini ya blanketi ukasikika mguno, kisha kicheko.

"Ongeza," ile sauti ilisema. "Aah. Ongeza, mama."

Bi Mkasi alinyamaza katikati ya aya. Alivuta blanketi. Uso wa Salhina ulikuwa umenawiri, umejaa, midomo myekundu, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kama wa kioo cha dirisha asubuhi ya baridi.

"Ya Rabi," Bi Mkasi alisema. "Tumemlisha."

Vuai hakuwahi kumwona mganga akiogopa, na kumwona yule mama akirudi nyuma mpaka akagota ukutani kulimvunja kuliko yote yaliyotangulia.

"Zima hita," Bi Mkasi alisema. "Zote. Fungua madirisha yote mpaka mwisho. Kaja kutafuta joto, basi tumnyime."

"Kalowa chapachapa! Nje ni chini ya sifuri. Atakufa."

"Atakufa huyu nani? Huyu hapa mbele yako ni nani?" Alimshika Vuai mabega akamgeuza uso dirishani. "Simama hapa. Usimtazame. Atakuomba kwa sauti ya mkeo, atakuomba kama mtoto, na ukimtazama utamwonea huruma. Usifunge."

Vuai alifungua. Upepo wa Januari uliingia kama mtu mwenye ufunguo. Nyuma yake pakalia ule mlio, ka, ka, ka, mara nyingi kwa haraka, kisha kikapita kitu kama pumzi ndefu, na kimya.

Halafu sauti. Sauti ya Salhina hasa, ile ya kwao Mombasa.

"Vuai? Vuai, baridi. Funga dirisha."

Alikamata ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Chini, kando ya ziwa la mbele ya jengo lao, mwanamke alikuwa anamtembeza mbwa.

"Ni mimi, Vuai. Nimerudi. Wallahi ni mimi. Siwezi kusimama, miguu siisikii, funga basi, nakuomba."

Mkono wake ulikwenda kwenye komeo wenyewe.

"Usifunge," sauti ya Bi Mkasi ilisema kutoka kwenye kochi.

Akaurudisha mkono. Na nyuma yake mkewe akaendelea kumwita, akamtajia usiku wa harusi yao na mvua iliyowakuta njiani, akamtajia mimba iliyotoka ambayo hawakumwambia mtu yeyote hapa wala kule kwao, akalia, akamtukana, akamwomba msamaha kwa kumtukana, na kila maneno yalipozidi kuwa ya kweli ndivyo Vuai alivyozidi kuhisi moyo unampasuka, kwa kuwa jini lililoingia ndani ya mtu huyajua yote anayoyajua mtu, na kila mkono ulipomponyoka kuelekea komeo ile sauti ya utulivu ilimwambia karibu na sikio, usifunge, mwanangu, bado kidogo, usifunge, naye akazidi kuganda pale dirishani, machozi yanamwuma mashavu, anahesabu madirisha ya jengo la mkabala ili asisikie, mpaka maneno ya nyuma yakawa mafupi, yakawa jina lake tu, yakawa herufi ya kwanza ya jina lake tu, yakakatika.

"Funga!" Bi Mkasi alipiga kelele. "Funga madirisha! Unangoja nini?"

Vuai aligeuka. Mkewe alikuwa chini, midomo ya kijivu, Bi Mkasi amepiga magoti kando yake anamsugua kifua. Kutoka kinywani mwa Salhina ulikuwa unatoka mvuke, uzi mwembamba, unakatika na kuungana.

"Ni yeye," Bi Mkasi alisema akilia. "Ametoka. Ita ambulensi."

Hospitali walimuuliza Vuai maswali mengi. Aliwaambia hita iliharibika. Hawakumwamini, na daktari mmoja kijana alimtazama kwa namna ambayo Vuai hakuisahau. Salhina alikuwa na homa ya mapafu, na vidole viwili vya mguu vilikatwa. Kwa siku nyingi alikuwa na mpira wa kupumulia kooni. Ulipotolewa, hakusema na mumewe. Aliitikia salamu kwa kichwa, akageukia ukuta. Lorraine alimwambia Vuai ampe muda, mtu aliyepita pale alipopita hawezi kucheka kesho yake.

Siku ya kumtoa, Vuai alifika mapema na koti jipya na viatu vipana. Salhina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakuinuka.

"Kaa," alisema. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Alitoka pale pale ulipofungua dirisha. Nilimsikia akitoka. Aliyekuwa akikuomba ni mimi, Vuai. Tangu neno la kwanza."

Vuai alitikisa kichwa. "Bi Mkasi aliniambia nisifunge. Alikuwa pale kwenye kochi, ananiambia kila mara."

"Bi Mkasi hakuwapo kwenye kochi."

Vuai alitoka hadi kwenye ukumbi wa hospitali, akapiga simu saluni. Nyuma ya sauti ya Bi Mkasi mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ikivuma.

"Hilo la usifunge mimi nilikwambia mara moja tu, mwanangu. Nikaenda chumbani kwenu kuswali adhuhuri, nikafunga mlango kwa ule upepo. Niliporudi nikamkuta mkeo yuko chini. Kwani vipi?"

Vuai alikata simu. Alirudi wodini, akaketi, koti la mkewe mapajani.

"Yule jini alikuwa amesimama nyuma yako," Salhina alisema. "Kidevu amekiweka begani kwako."

"Na sasa yuko wapi?"

Mkewe alimtazama. Hapakuwa na chuki machoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha Vuai.

"Mimi nimekuwa hapa siku zote hizi," alisema. "Aliyekaa nyumbani ni wewe. Niambie wewe."

Kila jioni Vuai aliporudi kutoka kazini alikuta hita zimefunguliwa mpaka mwisho na vioo vinatiririka maji, na kila jioni alijilaumu kwa kusahau. Asubuhi ile alikuwa amezizima zote kwa mkono wake, akafunga mlango, akashuka. Na alipofika kwenye ngazi alikuwa amesikia, ndani ya nyumba aliyoiacha tupu, kifundo cha hita kinazungushwa taratibu, kri, kri, kri, akajiambia ni jirani.