Pazia la Nyumba Namba Tisa

Kila asubuhi Fenna alikula mkate wake wenye chembe za chokoleti mbele ya dirisha kubwa la sebuleni, akiwapungia mkono wapita njia. Katika mtaa wao wa mjini Deventer hakuna aliyefunga mapazia. Ukitembea kutoka kona hadi kona, ungejua nani anapiga pasi na nani amesinzia kwenye kochi. Ni Bwana Hakvoort tu, mpangaji mpya wa namba tisa, ambaye mapazia yake hayakufunguliwa hata mchana.

Mwanzoni walimcheka. Lakini tangu bomu lilipolipuka katika kituo cha treni cha mji wa jirani na kuua watu, kicheko kilikwisha.

"Yule anaficha nini?" Mama aliuliza.

"Anafuga mamba," alisema Tijmen, kaka yake Fenna. "Muulizeni Fenna, si ndiye redio ya mtaa?"

Fenna alinuna. Jioni ile alimwona Bwana Hakvoort akiingiza ndani sanduku refu, zito. Alichukua simu ya Mama, akaandika katika kundi la WhatsApp la ulinzi wa mtaa: "Namba tisa anaingiza mitungi ya gesi na nyaya. Nimeona kwa macho yangu." Hakuwa ameona mitungi wala nyaya. Lakini sanduku peke yake, aliwaza, lisingemshtua mtu.

Haukupita muda majirani wakajaa nje ya namba tisa. Afande Marloes, polisi wa mtaa ambaye siku zote huja kwa baiskeli, safari hii alishuka kwenye gari pamoja na askari waliovaa fulana za kuzuia risasi.

"Vunjeni mlango!" alifoka Bwana Sietse, muuza jibini. "Mnangoja nini, mpaka tulipuke?"

"Ujumbe umetoka kwenye simu yako, Mama Fenna," alisema Afande.

"Mimi? Sijaandika kitu!" Mama akageuka, akamtazama binti yake.

"Ni mimi, Afande," Fenna alisema.

Afande alichuchumaa mbele yake. "Nisikilize vizuri, binti. Kama umeona mitungi, tunavunja mlango ule sasa hivi, na sheria inaturuhusu. Kama hukuona, haturuhusiwi hata kugusa kitasa. Umeona nini?"

Mtaa mzima ulimkodolea macho. Akisema kweli, Tijmen atamcheka mwaka mzima. Akinyamaza, mtu atavunjiwa nyumba yake.

"Sanduku," alisema. "Sanduku tu. Mitungi na nyaya ni chumvi yangu."

"Na mapazia je?" Bwana Sietse hakukubali kushindwa.

"Kufunga mapazia si kosa, Bwana Sietse." Afande aliwarudisha askari nyuma, akaenda kubonyeza kengele kama mgeni yeyote. Bwana Hakvoort alifungua akiwa na soksi tu miguuni. Walizungumza, wakacheka kidogo, kisha Afande akarudi.

"Kuna nini ndani ya sanduku?" Tijmen aliuliza haraka.

"Nimemuuliza, amenijibu, nimeridhika. Mengine ni yake, si habari ya kundi lenu." Akamgeukia Fenna. "Waliotega bomu lile wangefurahi sana kutuona tukivunjiana milango. Ukiona hatari, niite saa yoyote, nitakuja mbio. Lakini niambie ulichokiona, usiongeze wala usipunguze. Hivyo ndivyo nitakavyomkamata mwenye hatia, na asiye na hatia alale kwake kwa amani. Yote mawili ndiyo kazi yangu."

Fenna alivuka barabara peke yake. "Samahani, Bwana Hakvoort. Nilikusingizia."

"Nilikuwa nyuma ya pazia, nimekusikia ukikiri mbele ya watu wote," alijibu. "Wakubwa wengi wangeshindwa. Yameisha, binti."

Usiku ulipoingia, Fenna alifunga pazia la sebuleni kwao, zito kwa vumbi la miaka.

"We mtoto! Majirani watasemaje?" Mama aliuliza.

"Watasema tunafuga mamba," alijibu Tijmen.

Mama aliangua kicheko. "Waache waseme," alisema. "Nyumba ni yetu."