Sahihi ya Gaudiose

Kiti cha tatu kutoka dirishani kilikuwa kimelowa, na Mwavita hakuelewa kwa nini, maana viti vyote vya ukumbi ule alikuwa amevifuta kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ile, kimoja kimoja, kwa kitambaa kikavu. Mvua haikuwa imenyesha Kamembe tangu Jumapili. Dari halikuvuja. Alikifuta tena, kisha akakinusa kitambaa. Javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo na vyoo.

Sasa, harufu ya javeli kwa mfanya usafi ni kama harufu ya sambaza kwa mama muuza samaki: inaingia mpaka kwenye uji wa watoto na hakuna anayeishtukia. Mwavita alikuwa ametimiza miaka kumi na sita akifagia chuo kikuu kile kilichokaa juu ya kilima, ziwa likionekana chini na Bukavu ng'ambo. Lakini asubuhi ile alikitupa kitambaa sakafuni, kwa kuwa alikijua kiti kile. Ndicho alichokisemea uongo.

Tusimhukumu haraka. Chuo kilikuwa kimeanzisha mafunzo ya usalama na afya kazini, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa wafanyakazi wote, kuanzia walimu mpaka wakata nyasi. Mkufunzi alikuwa Vénuste, kijana mnyoofu mwenye koti la njano linalong'aa, aliyehubiri glavu kama padri anavyohubiri wokovu. Watu wengi, tuseme kweli, walifuata fanta na mandazi. Na asiyeweza kuja, mwenzake alimsainia. Leo kwangu, kesho kwako. Ndivyo wafanya usafi wa pale walivyoishi, na hakuna aliyeona ubaya. Mwavita na rafiki yake Gaudiose walikuwa wamesainiana katika kila karatasi iliyowahi kupita mikononi mwao.

Mwezi wa tatu mvua ya kupandia ilishuka Jumanne usiku. Kesho yake, siku ya mafunzo, Gaudiose alipiga simu kutoka shambani kwake Mururu, akicheka na kumwita yaya, yaani dada, kama kawaida yake.

"Yaya, maharage haingojake formasyo. Unisinyie."

Basi Mwavita akaweka mkoba wake kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani ili kionekane kina mwenyewe, na karatasi ya mahudhurio ilipomfikia akaandika jina la rafiki yake, akaichora ile G yenye mkia mrefu kama alivyokuwa akiichora Gaudiose.

Somo la siku ile lilikuwa moja tu. Usichanganye javeli na asidi ya kusafishia vyoo, kwa sababu zikikutana hutoa moshi unaounguza mapafu.

Wiki tatu baadaye Gaudiose alizichanganya. Ilikuwa katika choo cha chini cha maktaba, amefunga mlango ili wanafunzi wasikanyage sakafu, na alikata roho siku ya pili hospitalini, akiwa hajaweza kusema neno. Ofisi ilichunguza, ikatoa karatasi ya mahudhurio, ikaona sahihi. Barua ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote: marehemu alifundishwa, akapuuza. Tangu hapo kila somo la Vénuste lilianza na Gaudiose kama mfano wa uzembe. Mwavita alinyamaza. Alijua akifungua mdomo atafukuzwa kazi, na alijua pia kwamba angelazimika kumtazama Dative usoni.

Dative alikuwa binti wa pekee wa Gaudiose, msichana wa miaka ishirini na mitatu, aliyepewa kazi ya mama yake, na ndoo ya mama yake. Kila mwezi aliketi akisikiliza mama yake akisemwa, ameinamisha kichwa. Na kila mwezi Mwavita aliketi nyuma yake, roho ikimuuma.

Siku ya kiti kilicholowa, Vénuste aliwahesabu watu ukumbini. Alipata hamsini na wawili. Karatasi ilikuwa na majina hamsini na moja. Akahesabu tena, kwa kidole, akapata wale wale hamsini na wawili.

"Kuna mugeni hapa?" akauliza, akacheka. Dative, aliyekuwa ameketi kando ya kiti kile, akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokatika, na ikabidi atoke nje.

Mwavita alimkuta nyuma ya jengo, kando ya tangi la maji.

"Maman, usinicheke," Dative akanong'ona. "Minasikiaka mama yangu."

"Wapi?"

"Kule chini, ku twaleti ya bibliyoteke. Saa saba, wakati banafunzi banaenda kula. Nasikia maji inamiminika mu ndoo, kisha ananiita. Anauliza, 'Dative, naanza na gani? Javeli ao asidi?'"

"Na weye unamujibu?"

"Hapana. Lakini jana nilijikuta nimeshika chupa zote mbili, nimeshafungua. Sijue nilizipata wapi."

Mwavita alisema ataenda naye. Siku iliyofuata, saa saba kasoro, jua likiwa kali, wanafunzi wakishuka kwa makelele kuelekea mgahawani, wawili hao walisimama mbele ya mlango wa choo kile. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli tangu msiba. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Mwavita. Kwanza hawakusikia kitu. Kisha ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, ndoo ikaburutwa sakafuni, na maji yakaanza kumiminika, polepole, kama mtu anayemimina huku akifikiri, na harufu ikapita chini ya mlango, javeli kwanza na halafu kitu kikali zaidi kilichowachoma macho na koo, na Mwavita alipotaka kumvuta Dative nyuma akagundua kwamba msichana alikuwa tayari ameegemeza shavu lake mlangoni, anatabasamu kama mtoto anayesubiri kufunguliwa, na sauti ya Gaudiose, ile ile iliyokuwa ikicheka kwenye simu siku ya maharage, ikasema kwa upole, karibu sana, "Banasema nilifundishwa. Kuya unikumbushe, mwanangu. Naanza na gani?"

Mwavita alimkokota Dative mpaka uwanjani. Alipomwangalia vizuri aliona midomo yake imekuwa ya buluu.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mzee Latifu, fundi cherehani wa Kamembe ambaye mchana alishona sare za shule na baada ya sala ya alasiri alisomea wagonjwa. Alimweleza yote, hata la mkoba kwenye kiti. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine, na alilia kwa aibu. Mzee aliacha kukanyaga cherehani.

"Muntu akikufa, amekufa," alisema. "Gaudiose hawezi kurudia juu ya kuuliza kintu. Ile inaita mutoto ni jini."

"Iliingilia wapi, Mzee?"

"Ni weye uliikaribisha. Uliweka kiti bila muntu, ukaandika jina, ukasema huyu iko hapa. Majini inapenda fasi yenye iko na jina na haina mwenyewe. Ilikaa. Na ile somo Gaudiose hakusikia, sasa inamutafuta binti yake."

"Unisomee basi. Uniandikie kombe."

"La kuvunda halina ubani, binti yangu. Kusoma nitasoma. Lakini uongo yako ilisemwa mbele ya bantu, na itatoka mbele ya bantu. Fasi ile ile, karatasi ile ile."

Alimsomea, akamwandikia kombe pia, aya za wino zilizooshwa kwa maji, kwa huruma. Na Mwavita, kwa kuwa mwoga ana mbinu nyingi, alijaribu kwanza kombe bila ukweli. Alinyunyiza maji yale mlangoni mwa choo, alinyunyiza kwenye kiti, alimpaka Dative kwenye paji la uso akimdanganya kuwa ni dawa ya mafua. Siku tatu kukawa kimya. Siku ya nne walimkuta Dative amelala mbele ya choo kile, kucha zimechubuka kwa kukwaruza mlango. Daktari alisema mapafu yake yana alama ya kuungua, akauliza amevuta moshi gani. Jibu alikuwa nalo Mwavita, na usiku ule hakulala.

Jumatano ya kwanza ya mwezi uliofuata, ukumbi ulijaa. Vénuste alivaa koti lake, akafungua kama kawaida yake.

"Munamukumbuka Gaudiose. Alifundishwa, akadharau..."

"Hakufundishwa!"

Mwavita alikuwa amesimama. Sauti ilikuwa imeshatoka na maji yakimwagika hayazoleki.

"Gaudiose hakukuwa hapa siku ile. Alikuwa Mururu, anapanda maharage. Ni miye nilimusinyia. Kama angesikia ile somo, angekuwa muzima. Hakuwa muzembe. Muzembe ni miye."

Vénuste, uso umempauka, alipekua faili lake mpaka akapata karatasi ya mwezi wa tatu. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile sahihi, mstari mmoja mrefu. Hapo kiti cha tatu kutoka dirishani kikalia, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapoinuka, na kila aliyekuwa karibu aliona alama za unyayo uliolowa zikielekea mlangoni, moja, ya pili, ya tatu, kisha zikakauka. Harufu iliyokuwa imekaa ukumbini miezi yote ile ikaondoka. Watu walivuta pumzi kwa pamoja. Dative alivuta pumzi ndefu, nzima, bila kukohoa.

Kisha akageuka, akamtazama Mwavita.

Yale macho Mwavita hakuyaweza. Aliacha kiti chake kitupu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa chini kando ya tangi la maji, akalia mpaka kanga ikalowa. Somo liliendelea bila yeye. Alisikia sauti ya Vénuste kwa mbali, haisikiki vizuri. Kazi ilikuwa imekwenda, alijua hilo, lakini haikumuuma kama alivyofikiri. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa hajaomba msamaha. Alijipangia maneno, akayabadilisha, akayapanga tena. Angempigia magoti mtoto wa rafiki yake mbele ya watu wote, na akitemewa mate atanyamaza.

Alirudi watu wakiwa wanatoka na fanta zao. Vénuste alikuwa mlangoni anakusanya karatasi.

"Maman Mwavita, hukuchukua fanta yako."

"Nipe nisaini kwanza," alisema Mwavita. "Leo nitasaini ya kwangu tu."

"Lakini ulishasaini."

Alimwonyesha. Mstari wa kumi na tisa: jina lake, kwa mwandiko wake, ile M yake iliyopinda. Wino ulikuwa bado haujakauka. Pembe ya karatasi ilikuwa na unyevu.

"Nani aliniandikia?"

"Ni weye mwenyewe, Maman." Vénuste alimtazama kwa wasiwasi. "Ulitoka kidogo, ukarudi, ukakaa karibu na Dative. Hata uliuliza swali. Tulikuwa tunafundisha mambo ya umeme na maji, weye ukauliza, 'Naanza na gani?'"

Mwavita alimpita bila kumjibu. Dative alikuwa bado ameketi, peke yake, katikati ya viti vitupu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yametulia. Mwavita akapiga magoti pale pale, maneno yote aliyoyapanga yakiwa yamempotea isipokuwa moja.

"Unisamehe, mwanangu."

Dative alimwinua kwa upole.

"Yaishe, Maman. Nilishakusamehe. Si uliniomba sasa hivi, hapa hapa, umenishika mukono? Nilikuambia nimekusamehe kabisa, na ukashukuru." Akafungua kiganja chake cha kulia, akakiangalia kwa mshangao. Ngozi ilikuwa nyeupe na imekunjamana, kama ya mtu aliyeshinda siku nzima amezamisha mkono kwenye javeli. "Ila mukono yako ilikuwa ya kulowa sana."

Mwavita aliangalia viganja vyake vyote viwili. Vilikuwa vikavu.