Positive ya Hospitali

Fundi wa betri na mkewe mshonaji walifanya kazi nyumbani. Yeye alikuwa barazani na betri zake, mke chumbani na cherehani. Mlio wa cherehani ukinyamaza, fundi alijua mkewe anakohoa. Sasa ilikuwa wiki ya nne, na kila usiku jasho lilimlowesha.

Akaenda hospitali, akapimwa makohozi. Siku ya majibu alirudi mapema na karatasi mkononi.

"Foleni ya daktari haikwenda, nikachoka kusimama. Hebu soma, Baba Siti."

Fundi alisoma: Positive. Akaangua kicheko cha furaha.

"Hongera! Kwenye betri, positive ndiyo upande wa waya mwekundu. Na watu wakisema fikra positive, si wanasema fikra njema? Huna ugonjwa wewe!"

Wakanunua dawa ya kikohozi dukani. Baada ya wiki mbili, nguo zilimpwaya mama wa watu kama za kuazima.

Jirani yao muuguzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuja kuwajulia hali.

"Shoga, kikohozi hicho umekipima?"

"Nimekipima. Ni positive, sina neno."

Sista aliomba karatasi. Alipoisoma, akavuta kiti.

"Shemeji, neno ni moja, lakini kila kazi inalitumia kivyake. Kwako ni upande wa betri. Kwa mwalimu wa hesabu ni namba iliyozidi sifuri. Kwetu hospitali ni kwamba tulichokitafuta tumekiona. Hapa walitafuta kifua kikuu."

Fundi akaikodolea macho karatasi. "Mungu wangu! Nimempongeza kwa ugonjwa!"

"Kinatibika. Kesho asubuhi aanze dawa. Wewe na Siti mkapimwe. Na madirisha haya yafunguliwe."

Walikwenda wote watatu. Fundi na binti yake walikutwa salama. Mke alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, hata alipojiona mzima, kwa sababu Sista alimwonya kuwa kupata nafuu si kupona.

Siku ya kipimo cha mwisho, daktari aliwapa karatasi. Fundi hakujifanya mjuzi.

"Daktari, imeandikwa negative. Kwenu hapa maana yake nini?"

"Vijidudu hatukuviona. Mkeo amepona."

Kabla ya kufika kwao, walipiga hodi kwa Sista. Fundi alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Mlango ulipofunguliwa, yote yakamtoka kichwani.

"Asante," akasema. Akaona haitoshi, akairudia, na mkewe akaipokea, wakaisema pamoja.