Marehemu Anaalika Wageni

Thuraiya alikuwa anatandika vitanda. Nyumba yake ya wageni pale Wambaa, kisiwani Pemba, ilikuwa na vyumba vitatu tu, alivyoachiwa na mumewe Marhoun. Eda yake ilimalizika wiki ile.

Hodi ikapigwa. Mgeni, jasho linamtoka.

"Mimi Duni, natoka Unguja. Mzee Marhoun yuko wapi? Nimemngoja uwanja wa ndege saa mbili nzima."

"Marhoun amefariki, baba. Huu ni mwezi wa tano sasa."

"Mama, usinitanie. Leo asubuhi nimeomba chumba, akanijibu papo hapo."

Akamwonyesha simu: *Karibu, ndugu yangu. Mimi Marhoun nitakupokea mwenyewe uwanjani. Nitavaa kanzu ya kijivu.*

Thuraiya akageuka. Kanzu ya kijivu ilining'inia kwenye msumari uleule alipoitundika marehemu. Ilitikisika kidogo. Labda upepo wa mlango.

Huyu alikuwa mgeni wa tatu kuja hivi. Wawili walikuja Thuraiya yumo edani. Walipoambiwa mwenyeji amekufa, waliondoka bila ya kuaga. Shemeji yake, Maher, alidhani waliandikiana na Marhoun kabla hajafa. Lakini leo asubuhi? Habari ikienea, nani atalala hapa tena?

"Tusome hitima nyingine," Maher akasema alipoitwa.

"Someni, mumuombee," akajibu jirani yao Rahila, anayefundisha kompyuta Chake Chake, aliyeitwa pamoja naye. "Lakini hebu nione kwanza."

Akafungua tovuti ya nyumba ile, akaomba chumba kwa jina lake. Hata hajaweka simu chini, ikalia. Marhoun anamkaribisha Rahila.

"Audhu billahi!" Maher akaruka.

"Kaa, kaka. Ni jibu aliloandika Marhoun akiwa hai, likapangwa lijitume kila mtu anapoomba chumba. Nani ana neno la siri la tovuti?"

"Fundi wa tovuti, Mundhir, yupo Muscat," alisema Thuraiya. "Kila tulipotaka kubadili neno tulimwomba yeye. Na simu ya marehemu tuliifunga sandukuni na tasbihi yake. Hatukuthubutu kuigusa."

"Simu mmeifunga, tovuti mmeiacha inasema. Chukua mfumo wa kuisimamia mwenyewe. Unaingia kwa simu yako, unaandika, unabonyeza, basi."

"Huu wa bure una mapambo," Maher akasema, akichungulia simu ya Rahila.

"Mapambo hayapokei wageni! Humo, siku ukitaka kuhama, maneno na picha zako havitoki. Na mwenye kuutumia ni Bi Thuraiya. Aujaribu yeye. Jina la tovuti nalo liandikishwe kwa jina lake, si la fundi."

Thuraiya akajaribu mifumo miwili. Kwa ule wa pili alibadilisha picha ya chumba bila ya kuelekezwa mara mbili. Akaona pia namna ya kutoa nakala ya kila kitu.

"Huu," akasema.

Duni alikubali kulala, kwa sharti kanzu iondolewe.

Mundhir akatoa neno la siri kwa simu. Siku ya tatu kazi ya kuhamisha tovuti ikaisha, likabaki lile jibu la Marhoun. Thuraiya alitoa nakala yake, akaihifadhi. Ndipo akalifuta. Akaandika: *Mimi Thuraiya nitakupokea mwenyewe. Nitavaa ushungi wa kijani.*

Wiki ya pili vyumba viwili vilikuwa na watu. Mgeni wa chumba cha tatu alikuwa mama mmoja, aliyemjia moja kwa moja pale uwanjani.

"Bi Thuraiya! Nimekujua kwa ushungi. Nililala kwenu zamani. Mzee Marhoun hajambo?"

Thuraiya akapokea mkoba wake.

"Amepumzika," akasema. "Sasa amepumzika."